Pumzi ya Injini: Mafundi wa Dar es Salaam na Magari ya Mbio

Waandishi wa habari za mashindano ya magari katika Afrika ya Mashariki wana desturi moja. Hutaja dereva, hutaja gari, hutaja mwaka, kisha hunyamaza. Fundi aliyelala chini ya gari hilo usiku kucha hatajwi, kana kwamba injini ilijitengeneza yenyewe. Desturi hiyo imetupotezea ilimu kubwa, maana aghalabu ushindi wa gari huamuliwa kabla bendera haijashushwa, nao huamuliwa na kitu kisichoonekana kwa macho, yaani hewa. Petroli haiungui peke yake. Kila kilo moja ya petroli hutaka kilo 14 na zaidi za hewa ndipo iungue sawasawa, na injini isiyopata pumzi hiyo ni kama mpagazi aliyefungwa kifua.

Nimetaja mpagazi kwa makusudi. Tukisimama Mchafukoge, katikati ya jiji la Dar es Salaam, na kutazama ng'ambo ya viwanja vya Mnazi Mmoja, twaiona Kariakoo, na jina la Kariakoo lilitokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika Vita ya 1914 hadi 1918. Katika vita ile magari yalizama matopeni na wanyama walikufa kwa mbung'o, basi mizigo ya majeshi ikabebwa na vichwa vya watu, na watu wakafa kwa maelfu kwa maelfu. Pumzi zao ndizo zilizokuwa injini. Mtaa wa Gerezani, ulio jirani, baadaye ukajulikana kwa mafundi wa magari na vyuma. Ama Mchafukoge, jina lake lina amri ndani yake, kwamba aliye mchafu akoge. Na fundi atokaye gerejini jioni, mikono imejaa grisi, hana haja ya kutafsiriwa amri hiyo.

Mwaka 1953, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yalianzishwa mashindano yaliyoitwa Coronation Safari, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 yakapewa jina la East African Safari. Barabara zake zilikuwa ni zile zile za wasafiri wa kila siku, vumbi wakati wa kiangazi na ziwa la matope wakati wa masika, na mashindano yenyewe yalifanywa wakati wa Pasaka, mvua zinapokuwa zimeanza. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakarudi saba tu. Mwaka 1968 vile vile yalirudi saba.

Watu wengi husema matope ndiyo yaliyoyaua magari yale. Ni kweli, lakini si kweli yote. Gari lililotoka pwani kwenda bara lilipanda kutoka usawa wa bahari hadi Nairobi, mita zipatazo 1,700, na mahali pengine juu zaidi. Katika kimo cha Nairobi hewa imepungua kwa kadiri ya sehemu moja katika sita. Kabureta ya zamani haikuwa na habari hiyo. Iliendelea kumimina petroli kwa kipimo cha Dar es Salaam katika hewa ya milimani, moshi mweusi ukatoka katika eksozi, plagi zikajaa masizi, na nguvu ikapungua. Fundi alibadili tundu la petroli katika kabureta, akaweka dogo zaidi. Lakini gari hilo hilo likishuka tena pwani huku lina tundu dogo, hewa ikawa nyingi na petroli haba, injini hupata joto la kupita kiasi, na pistoni ikatoboka. Basi fundi alikuwa katika hali ya mtu anayeshona nguo moja ivaliwe na mtoto na baba yake. Alichagua kipimo cha katikati, akajua kwamba hakitafaa kabisa mahali popote, ila hakitaua popote.

Maarifa ya aina hiyo ndiyo yaliyoiletea Dar es Salaam sifa. Bert Shankland, mzaliwa wa Uskochi aliyekuwa mkaazi wa mji huu na mtu wa kampuni ya Tanganyika Motors iliyouza magari ya Peugeot, alishinda Safari ya mwaka 1966 pamoja na Chris Rothwell, wakashinda tena 1967, mara zote kwa Peugeot 404. Mwaka 1965 walikuwa wameshinda Joginder Singh na nduguye Jaswant kwa Volvo. Injini ya 404 ilikuwa na silinda nne na ujazo wa sentimita 1,618, na nguvu zake za kiwandani hazikufika za farasi 100. Leo gari dogo la kwenda sokoni laweza kuzipita. Haikushinda kwa wingi wa nguvu, bali ilishinda kwa sababu iliendelea kupumua pale ambapo nyingine zilikabwa. Wageni wa Ulaya walikuja kila mwaka na magari yenye nguvu zaidi, wakashindwa, hata mwaka 1972 ndipo Hannu Mikkola wa Ufini alipoupata ushindi wa kwanza wa dereva asiye mkaazi wa Afrika ya Mashariki. Muda si mrefu mashindano yakabaki ndani ya Kenya, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Mafundi wa Dar es Salaam wakabaki na malori, teksi na mabasi.

Njia nyingine ya kuipa injini pumzi ilikuwa inakua mbali na kwetu, nayo historia yake ni ya ajabu. Mwaka 1772 Joseph Priestley wa Uingereza alivumbua hewa iitwayo naitrasi oksaidi. Humphry Davy aliivuta mwenyewe mwaka 1799 katika mji wa Bristol, akacheka, na watu wakaiita hewa ya kuchekesha. Tangu 1844 madaktari wa meno wakaitumia kuondoa maumivu. Katika Vita Kuu ya Pili Wajerumani waliipuliza ndani ya injini za ndege zilizoruka juu sana, mahali ambapo hewa ni nyembamba. Msomaji ataona kwamba rubani yule na fundi wa Safari walikuwa na ugonjwa mmoja, ila dawa zao zilitofautiana: fundi alipunguza petroli iifuate hewa, na rubani aliongeza hewa iifuate petroli. Baada ya vita Wamarekani waliitia katika magari ya mashindano, na filamu ya The Fast and the Furious ya mwaka 2001 ikalipeleka jina lake kwa vijana wa dunia nzima, ikiwafundisha kwamba nguvu ni kubonyeza kitufe. Kwa maoni yangu filamu hiyo imewadhulumu mafundi kuliko waandishi wa zamani, maana waandishi walinyamaza tu.

Kazi yenyewe si ya kitufe. Hewa tuivutayo ina oksijeni asilimia 23 kwa uzito, na naitrasi oksaidi ina 36. Ikiingia katika joto la silinda huvunjika, ikaiachia oksijeni yake, na moto ukawa mkali. Kwa hiyo kila kipimo cha hewa hiyo lazima kifuatwe na petroli yake: kilo moja kwa kila kilo tisa na nusu hivi. Fundi mwangalifu huzidisha petroli kidogo kwa kuogopa moto mkavu. Kisha huchelewesha cheche ya plagi, kwa sababu mchanganyiko huu huungua upesi. Kanuni ya mafundi ni digrii mbili kwa kila nguvu za farasi 50 zilizoongezwa. Asiyechelewesha atasikia injini ikigonga, na mgongo huo ni sauti ya pistoni inayokufa. Huanza na nozeli ndogo kuliko zote, hukimbiza gari, huzima injini, hufungua plagi na kuisoma: ikiwa nyeusi petroli imezidi, ikiwa nyeupe yenye vidoa vya chuma kilichoyeyuka, ole wake. Wala hewa hiyo haifunguliwi injini ikiwa inazunguka polepole, isije ikajikusanya katika njia ya hewa na kulipuka hapo.

Magari ya kufaa kwa mchezo huo yalifika Dar es Salaam kwa mlango wa biashara. Mwaka 1984 serikali iliwaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, na baada ya hapo magari yaliyotumika Japani, nchi iendeshayo kushoto kama sisi, yakaja kwa wingi: Toyota za silinda sita, Subaru zenye tabo. Lakini petroli ilikuwa na fitina yake. Kwa kuwa mafuta ya taa yalikuwa rahisi, wachuuzi waovu waliyachanganya na petroli, hata serikali ikaanza kutia mafuta alama ya siri mwaka 2010, na mwaka 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa. Petroli iliyochanganywa hivyo hugonga hata katika injini ya kawaida. Fundi aliyepima gari kwa petroli safi, kisha mwenye gari akajaza nyingine kituo cha pili, alilaumiwa kwa kosa la mtu asiyemjua, na injini iliyoungua mara nyingi ilikuwa ndiyo mali yote ya mwenyewe.

Liko pia jua la pwani. Naitrasi oksaidi hukaa mtungini ikiwa maji. Katika joto la digrii 20 husukuma kwa nguvu ipatayo mara 50 ya hewa tuivutayo, na katika digrii 30 mara 60 na zaidi. Mafundi wa nchi za baridi huuvisha mtungi kifaa cha kuupasha moto ili wapate nguvu hiyo. Dar es Salaam hutoa bure. Walakini ikipita digrii 36 na nukta nne, maji hayo hayabaki kuwa maji, na shinikizo hupanda mno. Buti la gari lililoegeshwa juani karibu na soko la Kariakoo hupita joto hilo kabla ya adhuhuri. Nozeli iliyochaguliwa alfajiri, mji ungali na baridi, saa saba mchana si nozeli ile tena. Hapo fundi hana budi kurudi kwenye desturi ya mafundi wa Safari: apime mara mbili, asubuhi na mchana, achague kipimo cha katikati, na mtungi aufunike kwa gunia lililoloweshwa maji.