Eksirei inasema goti liko sawa, mbona bado linauma? Kompyuta zinatoa jibu

Umeanguka na boda ukitoka Tarime kwenda Nyamongo, au umegongwa goti kwenye mechi pale Mugumu. Eksirei inaonyesha mfupa haujavunjika. Je, umepona? Si lazima. Huenda kilichoumia ni gegedu, na eksirei ya kawaida hailionyeshi.

Gegedu ni nini?
Ni ule mfupa laini, mweupe, unaoutafuna mwisho wa paja la kuku. Linafunika ncha za mifupa ili isisagane. Asilimia 65 hadi 80 ya uzito wake ni maji, yanayoshikiliwa na molekuli ziitwazo proteoglaikani. Halina mishipa ya damu, ndiyo maana likichanika halijirudishi kirahisi.

Kompyuta inafanya nini?
Wataalamu wanaunda gegedu kwenye kompyuta, wanaligawa vipande vidogo vidogo, kisha wanapiga hesabu ya kila kipande: kinabanwa kiasi gani, na maji yanapita kwa kasi gani.

Mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Mashariki mwa Finland na wenzao walichapisha hesabu za aina hiyo. Walijeruhi vipande vya gegedu la ndama, wakaendelea kuvibana kwa siku 12 kama goti linavyobanwa mtu akitembea. Proteoglaikani zilipungua kuzunguka nyufa, na hesabu za kompyuta zilikaribiana na vipimo vya maabara.

Kwa lugha rahisi, ufa mdogo unaweza kuanza kuharibu sehemu zilizo jirani nao ndani ya siku chache tu.

Inakuhusu vipi?
Karibu nusu ya watu waliochanika kano kuu ya ndani ya goti huonyesha dalili za goti kusagika miaka 10 hadi 20 baadaye. Dereva boda wa miaka 25 anaweza kufika 40 akiwa na goti la mzee.

Teknolojia hii bado ni ya watafiti, usitarajie kuikuta hospitali ya wilaya. Ila unaweza kufanya haya:

- Goti likivimba, likikwama au likilegea, usirudi uwanjani. Rudi kwa daktari, uliza kama unahitaji kipimo cha MRI.
- Fanya mazoezi ya misuli ya paja utakayoelekezwa.
- Punguza uzito kama umezidi.

Na yale maji ya bamia ya "kurudisha uteute"? Kunywa kama unayapenda, lakini hayaoteshi gegedu upya.