Mwambao na Majimbo: Sheikh Abdilahi Nassir katika Siasa za Kenya

Chai inayochumwa katika miteremko ya Kericho na Bomet huteremshwa hadi Mombasa, ambako tangu mwaka 1969 ndiko unakofanyika mnada wake, na kutoka huko hupakiwa melini. Safari hiyo leo yaonekana kuwa ya kawaida. Hata hivyo, mwaka 1962 haikuwa dhahiri kwamba mashamba hayo na bandari hiyo vingebaki katika dola moja. Miongoni mwa waliotaka vitengane alikuwamo mwanachuoni wa Kiislamu, Sheikh Abdilahi Nassir.

Sheikh Abdilahi alizaliwa Mombasa mwaka 1932, katika ukoo wa elimu na ushairi. Washairi Ahmad Nassir Juma Bhalo na Abdilatif Abdalla ni nduguze. Alisomea ualimu Beit el-Ras, Unguja, kisha akafundisha Mombasa kabla ya kuingia katika siasa.

Hoja yake ilitegemea historia. Ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, na Uingereza iliutawala kwa mkataba wa mwaka 1895. Kwa hiyo, wafuasi wa Mwambao walidai, ukanda huo haukuwa sehemu ya koloni, na wenyeji wake walistahili kujiamulia mambo yao. Sheikh Abdilahi aliitetea hoja hiyo akiwa kiongozi katika Coast People's Party, na akaifikisha London kwenye mazungumzo ya mwaka 1962. Lakini ripoti ya Robertson, iliyotolewa Desemba 1961, ilikuwa imekwisha kupendekeza ukanda uunganishwe na Kenya.

Katika mji huohuo wa London walikuwako wajumbe wa KADU, chama ambacho Taaitta Toweett wa Kericho alikuwa mmoja wa viongozi wake. Hofu ya pande hizi mbili ilifanana: kumezwa na makabila makubwa na serikali moja yenye nguvu zote. Dawa ndiyo iliyotofautiana. Toweett na wenzake walitaka majimbo ndani ya Kenya. Watu wa Mwambao walitaka mpaka. Tena nchi ya chai ilikuwa na sababu yake ya kuuogopa mpaka huo, kwani zao lake halikuwa na njia nyingine iliyo karibu ya kufikia bahari.

Wote wawili walishindwa, kila mmoja kwa namna yake. Tarehe 8 Oktoba 1963 makubaliano yalitiwa saini na ukanda ukawa sehemu ya Kenya. KADU nayo ilijivunja Novemba 1964, na mamlaka ya majimbo yakaondolewa.

Lililo muhimu zaidi kwa wanafunzi wa lugha ni yaliyofuata. Toweett, pamoja na kushika uwaziri, aliichunguza isimu ya Kikalenjin. Sheikh Abdilahi aliingia Oxford University Press mjini Nairobi, akashughulikia uchapishaji wa vitabu vya Kiswahili. Shirika hilo ndilo lililochapisha, mwaka 1973, Sauti ya Dhiki, diwani ambayo Abdilatif aliitunga kifungoni kati ya 1969 na 1972. Baadaye Sheikh Abdilahi alirejea kwenye mimbari. Alipotangaza kufuata madhehebu ya Shia, alipingwa vikali na baadhi ya masheikh wa pwani. Naye akajibu kwa vitabu na kwa darasa za Ramadhani zilizovuta wasikilizaji wengi. Mtu aliyezoea kuwa upande wa wachache hakuacha kudai ushahidi.

Alifariki Januari 2022. Wakati huo Katiba ya mwaka 2010 ilikuwa imekwisha kuzipa Mombasa, Kericho na Bomet serikali zao za kaunti. Haikuwa Mwambao, wala haikuwa majimbo kamili ya KADU. Hata hivyo, swali lililoulizwa mwaka 1962, la jinsi wachache watakavyoishi na wengi bila ya kupoteza sauti yao, lilikuwa limekubaliwa kuwa swali halali. Kwa kipimo hicho, aliyeshindwa London hakuwa amesema bure.