Umeme wa Pikipiki Kuukuu

Ukisimama Garsen ukautazama Mto Tana, ndugu msomaji, utaona maji ya rangi ya udongo yakishuka taratibu kuelekea Kipini, kana kwamba hayajapata kufanya kazi yoyote. Kumbe yametoka kazini. Huko juu yamezungusha mitambo ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kiambere na Kindaruma, iliyo ya kwanza kujengwa kati ya hiyo, nayo ilianza kutoa umeme mwaka wa 1968. Sasa geuka uitazame pikipiki kuukuu iliyoegeshwa kivulini. Ndani ya kifuniko cha injini yake mna mtambo mdogo wa ukoo ule ule. Nataka kukueleza habari za ukoo huo, maana asiyezijua hupoteza fedha nyingi kwa kununua betri.

Katika mwaka wa 1831 Michael Faraday, mwana wa mhunzi Mwingereza, aliyejifunza kwanza kazi ya kujalidi vitabu, aliingiza sumaku ndani ya waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi. Sindano ya chombo chake ikatikisika. Sumaku ilipotulia, sindano nayo ikatulia. Mwaka uliofuata Hippolyte Pixii wa Paris alitengeneza mashine ya kuzungushwa kwa mkono: sumaku ilizunguka, na koili za shaba zikakaa mahali pamoja. Umeme wake ulikuwa wa kwenda na kurudi. Basi, kwa shauri la Ampère, akaongeza kifaa cha kuulazimisha uende njia moja. Mwaka wa 1859 Mfaransa mwingine, Gaston Planté, alibuni betri ya risasi na asidi, iwezayo kujazwa tena. Betri hiyo haikubali umeme wa kwenda na kurudi. Likumbuke neno hilo.

Pikipiki nyingi za Kiingereza za zamani zilitumia dinamo. Humo mambo yaligeuzwa: koili ndizo zilizozunguka, na umeme ukachukuliwa kwa brashi za kaboni zilizolika kila siku. Cheche ya injini mara nyingi ilitoka katika magneto, chombo kingine kabisa, hata dinamo ikifa mwendeshaji aliweza kufika nyumbani, ila gizani. Kisha mwaka wa 1953 Triumph Speed Twin ilipewa altaneta: sumaku ikazunguka tena, koili zikatulia, kama alivyofanya Pixii. Kifaa cha kuugeuza umeme kikawa rektifaya, kwanza ya sahani za seleni, baadaye ya silikoni. Pikipiki zilizokuja baadaye nyingi hufuata njia hiyo, pamoja na kidhibiti cha kuzuia umeme usizidi.

Haya, tuseme watoka Ngao kurudi Garsen jua likizama, na taa inafifia. Injini ikizimika, haiwaki tena kwa kitufe. Hapo ndipo vijana wengi hukosea: hununua betri mpya, nayo hufa baada ya siku chache. Betri ni mtungi tu. Mtungi mkavu hauonyeshi kwamba umepasuka. Huenda kisima ndicho kilichokauka.

Anza hata hivyo na mtungi, kwa kuwa ni rahisi kuupima. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika huonyesha karibu 12.6. (Usiwashe kiberiti kuichungulia! Betri inapochajiwa hutoa gesi iwezayo kulipuka.) Ijaze kwanza, uirudishe, uwashe injini na kuiongezea mwendo kiasi, kisha upime tena. Mita ikipanda hadi kati ya 13.5 na 14.5, mtambo ni mzima. Ikipita 15, kidhibiti kimeharibika, na betri itachemka hadi ikauke. Isipopanda kabisa, tazama fyuzi, kisha ufuate waya kurudi nyuma kuelekea sumaku.

Chomoa waya zinazotoka kwenye koili, uweke mita katika kipimo cha umeme wa kwenda na kurudi, na uongeze mwendo. Yale aliyoyaona Faraday utayaona wewe: mwendo ukizidi, volti huzidi. Zikiwa waya tatu, pima kila mbili kwa mbili. Zote zapaswa kulingana. Mbili zikiwa dhaifu kuliko nyingine, koili imeungua.

Koili zikiwa nzima, lawama yaelekea rektifaya, ambayo ni ghali. Usiinunue bado. Fuata waya wake wa ardhi mpaka uone unaposhikana na chuma cha pikipiki. Tope la barabara zetu wakati wa mafuriko hujishindilia hapo, unyevu ukazaa kutu, na kutu huziba njia ya umeme. Ikwangue kwa msasa mpaka chuma king'ae, ukaze skrubu, upime tena.