Deni la kasino lililoishia mtumbani

Kwenye maduka ya hisani ya Marekani, yanayouza vitu ambavyo watu wametoa bure, chipu za poka ni bidhaa ya kila siku. Hukaa rafu moja na karata pungufu na vikombe visivyo na visahani, kwa bei ya kutupa. Anayezichambua huangalia kwanza namba: 25, 100, 500. Kumbe namba ndiyo inayomwambia machache kuliko yote. Chipu ya kasino ni hati ya deni. Aliyeitoa ameahidi kumlipa aliyeishika. La kuuliza ni hili: ahadi ni ya nani, na mwenyewe bado yupo?

Nyingi hazina mwenyewe. Sanduku la alumini lenye chipu za plastiki zenye picha za dado ukingoni ni seti ya nyumbani, mabaki ya homa ya poka iliyozuka baada ya 2003, mwaka ambao mhasibu wa Tennessee, Chris Moneymaker, alishinda mashindano ya dunia na dola milioni 2.5. Ziguse kwa sumaku. Zikinata, ndani mna kipande cha chuma cha kuongeza uzito, mara nyingi hadi gramu 11.5. Wauzaji huusifia sana uzito huo, ilhali chipu za udongo za kasino zenyewe huwa nyepesi zaidi, karibu gramu 9 au 10. Seti kama hiyo nunua uchezee, basi.

Kabla ya plastiki mambo yalikuwa mengine. Mwanzoni mwa karne ya 19 wacheza kamari wa Marekani waliweka mezani chochote chenye thamani: sarafu, vumbi la dhahabu, vipande vya mfupa. Kufikia katikati ya karne zilikuwapo chipu za pembe za ndovu, zilizochorwa maua na namba kwa mkono. Hapo pwani yetu inaingia kwenye hadithi. Sultani Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na pembe zilizoshushwa Bagamoyo mabegani mwa wapagazi na watumwa, kisha zikapitia Zanzibar, zikaenda kulisha viwanda vya Deep River na Ivoryton, Connecticut, hasa vya vibonye vya piano. Chipu moja haiwezi kukwambia ndovu wake aliuawa wapi, lakini soko lililoilisha lilikuwa hilo hilo. Pembe halisi huonyesha mistari inayopishana kama wavu. Mfupa huonyesha vitundu vidogo vyeusi. Na usishangilie haraka: tangu 2016 sheria ya Marekani inambana sana muuzaji wa pembe za ndovu wa Afrika, ambaye lazima athibitishe kuwa kitu chake kimepita miaka 100.

Katika miaka ya 1880 viwanda vilianza kutoa kwa wingi chipu za udongo uliochanganywa na shelaki, gundi itokanayo na wadudu. Nyingine ziligandamizwa picha za farasi, tai au mbwa, na hizo bado zina wapenzi wake. Kisha ikaja bakelaiti, plastiki ya Leo Baekeland ya 1907, na ndugu yake katalini, yenye rangi nzito za njano ya siagi, nyekundu ya damu na kijani. Isugue kwa kidole gumba mpaka ipate joto, kisha inuse. Harufu kali kama ya dawa ya hospitali ni dalili njema. Thamani yake iko kwenye malighafi, hata mafundi wa vito huzitafuta.

Chipu za kasino zenye jina kamili ndizo zinazotia watu wazimu. Nevada ilihalalisha kamari mwaka 1931, na kila nyumba ikahitaji chipu isiyoigika kwa urahisi. Ndiyo maana ya vipande vya rangi ukingoni: katika chipu ya udongo havikupakwa, ni udongo wa rangi nyingine uliogandamizwa pamoja na ule wa kwanza. Tazama pia alama ya kalibu kuzunguka uso. Kofia ndefu na bakora ni alama ya Paul-Son, kampuni iliyoanzishwa Las Vegas mwaka 1963.

Kasino ikiwa bado hai, chipu ya dola 5 kwa kawaida ni dola 5, ila deni hilo lina masharti. Desemba 2010 mtu mwenye kofia ya pikipiki aliingia Bellagio, Las Vegas, na bunduki, akatoka na chipu za takriban dola milioni 1.5, zikiwamo za dola 25,000. Kasino haikuhangaika kuzikimbiza mitaani. Ilitangaza kuwa chipu zake za 25,000 zitakoma kulipwa tarehe 22 Aprili 2011. Mwizi alikamatwa mapema mwaka huo akijaribu kuziuza.

Kasino ikifa, hesabu hugeuka. Huko huko Las Vegas, kasino ya Dunes ilibomolewa kwa baruti mwaka 1993, Sands 1996. Sasa inayotafutwa ni ile ambayo watu hawakubaki nayo. Za dola 1 na 5 ziliwekwa mifukoni kama kumbukumbu. Za 100 zilirudishwa dirisha la malipo, kwa hiyo huwa adimu. Ukingo mkali usiochakaa hupandisha bei, tundu lililotobolewa kuibatilisha chipu huishusha. Jihadhari na chipu mpya zenye majina ya kasino maarufu za zamani ambazo hazikuwahi kuzitumia.

Binafsi nazipenda zile zenye herufi mbili tatu tu. Hizo mara nyingi zilitoka nyumba haramu, kama zilizojaa Galveston, Texas, hadi msako wa 1957, na Hot Springs, Arkansas, hadi 1967. Mwenye nyumba hakutaka jina lake likutwe mezani polisi wakiingia. Lakini kiwanda kilihitaji kujua mzigo unapelekwa wapi, na baadhi ya kadi za maagizo zilinusurika. Wakusanyaji, ambao wana chama chao tangu 1988, huzipitia wakilinganisha herufi, rangi na kalibu, hadi mdaiwa apatikane. Chipu iliyokuwa ya senti chache ikishapewa anwani, bei yake inaweza kupanda mara nyingi.