Je, umpe mtoto Panadol kabla ya chanjo?

Hapana. Mwaka 2009 utafiti wa Jamhuri ya Czech ulionyesha kuwa watoto waliopewa paracetamol mara tu baada ya kuchanjwa, kuzuia homa ambayo haijaanza, walijenga kinga pungufu.

Baada ya penta (wiki ya 6, 10 na 14), homa kidogo na uvimbe pajani ni kawaida. Huisha kwa siku moja au mbili. Mnyonyeshe mara nyingi, mvalishe nguo nyepesi. Usikande paja wala kulipaka chochote.

Akisumbuka kwa maumivu au homa, ndipo umpe paracetamol ya maji kwa kipimo cha uzito wake. Kipimo hicho kiulize kabla hujatoka kliniki, hasa kama unarudi kwa mtumbwi. Usimkatie kidonge cha mtu mzima kwa kukisia. Aspirini asipewe kabisa.

Huku Kipili, mwambao wa Ziwa Tanganyika, malaria ipo, kwa hiyo si kila homa ni ya chanjo. Homa ikipita siku mbili, mpeleke kituo cha afya apimwe. Akipata degedege, akikataa ziwa, akitapika kila kitu au akilegea, nenda saa hiyohiyo. Wa chini ya miezi 2 akichemka, naye usimsubirishe.