Somo la Redio: Mguu Uliokufa Ganzi

Sogeeni karibu na redio.

Mtu akikaa matangani, miguu ameikunja juu ya jamvi, mwishowe hufa ganzi. Sisi huinyoosha, tukasahau. Mwaka 1966, huko Japani, kijana mmoja hakusahau. Jina lake Yoshiaki Sato. Alikuwa katika ibada ya kuwakumbuka wafu, amepiga magoti na kukalia visigino. Mashavu ya miguu yakavimba na kuuma, kama ya mtu aliyetoka mazoezini. Akajiuliza: je, ni damu iliyozuiwa?

Basi akajijaribia mwenyewe kwa miaka mingi, akifunga mapaja kwa kamba na mipira ya baiskeli. Msimwige!

Mwaka 1973 alivunjika kifundo akiteleza kwenye theluji. Mguu uliofungwa plasta kwa kawaida hukonda. Yeye alifunga mkanda pajani, akawa anakaza misuli na kuilegeza. Mguu haukukonda kama waganga walivyotazamia.

Sababu ni hii. Mkanda hupunguza damu iingiayo mguuni, na huzuia zaidi ile irudiyo moyoni. Msuli huchoka upesi, ukajijenga kana kwamba umebeba mzigo mzito. Mgonjwa ambaye uwezo wa mguu wake wote ni kilo 10 huinua kilo 2 au 3 tu.

Siku hizi wataalamu wa viungo hutumia mkanda wa hewa, mfano wa ule wa kupimia presha, nao hupima kwanza kiasi cha kukaza. Kamba haina kipimo. Damu ikibanwa mno huweza kuganda, na donge likifika mapafuni mtu huweza kufa.

Sasa shikeni daftari. Andikeni: damu, msuli, mkanda.