Mkuu, Msaidizi na Tetemeko

Wahenga walituachia kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi naukumbuka msemo huu kila nisomapo historia ya upimaji wa matetemeko ya ardhi nchini Japani.

Mkuu alikuwa Fusakichi Omori, profesa wa Chuo Kikuu cha Tokyo na mbunifu wa mitambo ya kupimia matetemeko. Msaidizi wake, Akitsune Imamura, aliandika jaridani mwaka 1905 kwamba ndani ya miaka 50 Tokyo ingepigwa na tetemeko kubwa. Alichohofia zaidi ni moto: nyumba za mbao, mabomba ya maji kupasuka, watu zaidi ya 100,000 kufa. Mji ulipotaharuki, Omori alimkanusha hadharani.

Zamani nilimlaumu Omori moja kwa moja. Siku hizi nasita. Hakuna aliyejua siku yenyewe, na hofu nayo huumiza watu.

Tarehe 1 Septemba 1923, saa sita mchana kasoro dakika mbili, majiko yakiwaka, ardhi ilitikisika. Omori alikuwa Sydney, Australia, mbele ya mtambo, akaiona sindano ikichora msiba wa kwao. Walikufa zaidi ya 100,000, wengi kwa moto. Alirudi nyumbani mgonjwa, akafariki Novemba. Imamura akarithi kiti chake.

Sindano ilichora bila kosa. Lakini mabomba na nyumba za mbao vilionekana tangu 1905, na kuvishughulikia hakukuhitaji kujua tarehe.